Matairi Manne ya Hoza na Shetui

Nasikia siku hizi mteja akiingia duka la matairi huulizwa saizi kabla hajaulizwa hali. Aliyeniambia ni mjukuu wangu, ambaye ameanza kazi katika duka moja la matairi kule Korogwe. Aliniambia kwa fahari kwamba wao humhudumia mtu akaondoka kabla chai haijapoa. Nikamuuliza, chai ya nani? Akasema, "Yangu, Bibi." Basi nikaona heri niandike haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wenzake mnaouza matairi, kabla hamjazoea kunywa chai peke yenu.

Sisi pale Lushoto tairi halikununuliwa hivyo. Mtu ameteremka kutoka Mlalo au Shume, ametoka kwake na giza la asubuhi, koti limelowa ukungu, utamuulizaje saizi? Kwanza shikamoo. Kisha nyumbani. Kisha mvua, na mvua ilikuwa habari ndefu, kwa sababu milimani kila bonde lina wingu lake. Akishamaliza mvua anatazama dari, anasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na lile gari langu, Dada Naomi, sasa halina miguu." Hapo ndipo biashara inaanza.

Niliingia kazi ile miaka michache baada ya Uhuru. Duka lilikuwa la familia moja ya Tanga, yenye maduka mengine Muheza na Korogwe. Baadaye, Ujamaa ulipokolea, yote yakawa mali ya umma. Kibao cha mlangoni kikabadilishwa, lakini harufu ya mpira ilibaki ileile na wateja walewale. Mimi ni binti wa Vuga, nyumba ya Walutheri, na baba yangu alitamani niwe mwalimu au mkunga. Nilipomwambia nimepata kazi ya kuuza matairi alimaliza kwanza tonge lake, kisha akauliza, "Ya viatu?" Kwake yeye tairi lilikuwa kitu cha kukatwa makubazi. Sikumlaumu. Kijijini kwetu watu waliovaa tairi walikuwa wengi kuliko walioliendesha.

Aliyenifundisha kazi ni fundi wetu, Bwana Salehe, Mbondei wa Muheza, mfupi, mwenye viganja vipana kama sinia. Baridi ya Lushoto hakuipenda hata siku moja. Alivaa koti zito hata kiangazi, na alikuwa akisema mji huu Mungu aliuumba kwa ajili ya kuhifadhi samaki wasioze. Lakini akishika tairi alisahau baridi. Alinifundisha kwamba tairi hutunzwa kama unga: lisikae juani, lisikae karibu na mafuta, na lililotangulia kuingia ndilo litangulie kutoka. Alinifundisha kupaka sabuni ukingoni ili lipande kwenye ringi bila ugomvi, na kunyunyiza poda ndani kabla ya kuweka tyubu, ili tyubu isijikunje ikajikata yenyewe. Na tairi la lori likijazwa upepo, nisisimame mbele yake. "Simama pembeni," aliniambia, "kama unavyosimama ukibisha hodi kwa mtu mwenye mbwa."

Wateja wa mwanzo walinitazama kama waliokosea mlango. "Mwenye kuuza yuko wapi, binti?" Nami nasema, "Ni mimi, baba. Shikamoo." Hiyo shikamoo ilinisaidia sana. Mtu akishakuitikia marahaba hana tena njia ya kukufukuza.

Na makosa nilifanya. Sista mmoja kutoka shule ya Kifungilo alikuja kununua tyubu ya gari lao, nami katika haraka ya kuonyesha kwamba najua, nikampa iliyo kubwa kuliko tairi lake, naye fundi wao huko akaikunja akaiingiza hivyohivyo. Alirudi baada ya siku chache, mpole kama alivyokuja. "Naomi," akasema, "gari letu linaruka kama mbuzi. Watoto wanafurahi, lakini Mama Mkuu hafurahi." Nikambadilishia. Tangu siku hiyo nikajifunza kumuuliza mteja gari linakwenda wapi, limebeba nini, na nani anaketi ndani. Saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi. Mengine yote hayakuandikwa popote.

Kulikuwa na mzee wa Mlalo ambaye hakununua tairi bila kulinusa. Analikumbatia, anaingiza pua ndani, anafumba macho. Mimi nacheka kimoyomoyo, mpaka Bwana Salehe aliponiambia, "Na wewe nusa." Nikanusa lililoingia wiki ile, kisha lililokuwa limekaa stoo muda mrefu. La pili lilinuka vumbi tu. Mzee yule hakuwa akituchezea.

Sasa niwaambie habari za Hoza na Shetui, maana katika wateja wangu wote hawa ndio ninaowakumbuka hata nikiwa nachambua mchele.

Wote wawili walikuwa watu wa Shume, wakulima wa kabichi na viazi, kila mmoja na lori lake. Malori yenyewe yalikuwa kama mapacha. Waliyanunua pamoja kutoka shamba moja la chai lililokuwa likiuza magari yake makuukuu, enzi hizo wakiwa marafiki. Hoza alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi. Shetui alikuwa mkubwa, mzito wa kusema, mtu wa kutazama kitu muda mrefu kabla hajakigusa. Tena walikuwa mashemeji. Hoza alimwoa mdogo wake Shetui, mama mmoja mchangamfu ambaye sote tulimwita Mama Yohana.

Ugomvi wao ulitokea barabarani, katika msitu wa Magamba, mahali ambapo njia ni nyembamba na gari mbili haziwezi kupishana. Shetui alikuwa akishuka na mzigo. Hoza alikuwa akipanda na gari tupu. Hoza akasema nafasi ya kupishana iko karibu zaidi nyuma ya Shetui, kwa hiyo Shetui arudi. Shetui akasema mwenye mzigo harudi nyuma kwa ajili ya mtu asiyebeba kitu. Kila mmoja akazima injini. Wakakaa. Jua likapanda, kabichi za Shetui zikanywea, basi la abiria likaja likasimama nyuma, abiria wakashuka wakachoma mahindi. Mwishowe trekta la watu wa misitu likaja, likayavuta malori yote mawili kinyumenyume, na mpaka leo haijulikani lipi lilivutwa kwanza, kwa kuwa kila mmoja alisema ni la mwenzake.

Tangu hapo hawakusemezana. Watu walicheka, lakini Mama Yohana hakucheka. Mumewe hakukanyaga tena kwa shemeji yake, na kaka yake hakutaka jina la Hoza litajwe uani kwake. Nyumba zao zinatazamana, bonde moja tu katikati, lakini yeye alikwenda nyumbani kwa kaka yake kwenye misiba tu, na hata huko aliketi karibu na mlango.

Dukani kwangu walikutana mara nyingi, kwa sababu duka lilikuwa moja. Akiingia mmoja akamkuta mwenzake, hakutoka, ila aliongea kupitia kwangu.

"Dada Naomi," Hoza anasema, "mwambie huyo bwana ameegesha gari mlangoni kama mlango ni wa baba yake."

Shetui yuko hatua mbili kutoka kwake. Mimi nageuka. "Mzee Shetui, umesikia?"

"Sijasikia mtu," anasema Shetui, na anatoka taratibu kwenda kusogeza gari.

Kisha matairi yakaadimika. Ninyi mnaoingia stoo mkakuta yamepangwa mpaka darini hamwezi kujua neno hilo lina uzito gani. Ilikuwa miaka ile ambayo sukari iliadimika, sabuni ikaadimika, na sisi tulifungua duka asubuhi, tukafuta vumbi kwenye rafu tupu, tukafunga jioni. Wateja waliendelea kuja. Wengine walikuja kuuliza, wengine walikuja kwa mazoea, na sisi tulikaa nao. Bwana Salehe alishinda akiziba vilivyozibwa. Alishona tairi kwa uzi wa nailoni kama anayeshona gunia, akabandika kiraka juu ya kiraka, akasema, "Mwambie aende, lakini asiimbe njiani. Litasikia litapasuka." Yakija matairi mapya, yanakuja machache sana, na wilaya ndiyo iliyopanga nani apate nini. Msimu mmoja, baada ya kungoja sana, Hoza akapangiwa mawili. Shetui naye akapangiwa mawili.

Walikuja kuyachukua siku moja. Hoza alikuja na mkewe, aliyekuwa amemletea Bwana Salehe kabichi mbili kwenye kikapu. Shetui alikuja peke yake. Bwana Salehe akatoka nje, akajilaza chini ya lori la kwanza, kisha la pili. Kila lori lina matairi sita, mbele mawili, nyuma manne. Alipoinuka alikuwa na uso wa daktari.

"Mzee Shetui," akasema, "hili la mbele kulia lilikuwa na kashata za kushika barabara lini?"

"Lilikuwa nazo," akasema Shetui.

"Nimepitisha kidole naona waya. Hiki si kipara tena, hili ni fuvu." Akamgeukia Hoza. "Na wewe baba, usicheke. La kwako la nyuma nimeingiza ngumi. Nikiwafungia haya mawili mawili, mtabaki na manne manne mabovu, na barabara ya kushuka Soni mnaijua."

Hoza akaniambia mimi, "Dada Naomi, mwambie fundi afunge alichopewa. Kabichi hazingoji."

"Hazingoji kweli," akasema Mama Yohana. Alikuwa ameketi karibu na mlango, na hakuna aliyedhani alikuwa anasikiliza. Hakuwatazama wale wanaume. Alimtazama Bwana Salehe. "Fundi, nikuulize. Matairi ya kaka yangu na ya mume wangu ni saizi moja?"

"Ni moja, mama. Magari yenyewe si mapacha?"

"Yote manne yakivishwa gari moja, gari litafika Tanga?"

Bwana Salehe akafikiri. "Manne mapya, na mawili yenye nafuu nitakayochagua katika haya mazee yote, hayo nikiyaficha nyuma upande wa ndani. Litafika na litarudi."

"Na yakivishwa magari mawili?"

"Mama, yakivishwa magari mawili, mimi siku hiyo nitaomba ruhusa niende kwetu Muheza, nisisikie habari."

Hoza akakohoa. Shetui alikuwa anasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi kama mtu anayesoma Zaburi.

"Dada Naomi," akasema Hoza, "mwambie mke wangu tunaondoka."

Mama Yohana akainuka. Hakupaza sauti. "Kila asubuhi nakata kabichi zilizopasuka nawapa ng'ombe," akasema. "Natazama ng'ambo ya bonde, namwona wifi yangu naye anakata anawapa ng'ombe wake. Ng'ombe wetu wanakula chakula kimoja, sisi hatuli pamoja. Mwaka huu tukikosa soko, watoto wa nyumba hizi zote mbili watakaa nyumbani. Mkitaka kunyamaziana, sikuwazuia miaka yote hii. Nyamazianeni. Lakini nyamazianeni ndani ya gari moja."

Kisha akachukua kikapu chake akaenda kukaa ndani ya lori, mlango wazi, anangoja.

Sikujua nifanye nini. Katika kazi yetu kuna wakati muuzaji anatakiwa kusema, na kuna wakati anatakiwa kupanga vitu kwenye rafu. Nilipanga makopo ya poda. Muda ukapita. Mwishowe Shetui, bila kuondoa macho kwenye tairi, akasema, "Dada Naomi. Mwulize injini yake inakula oili?"

Nikamgeukia Hoza. Hoza akasema, "Mwambie injini yangu haili oili. Ya kwake ndiyo inayokula."

"Basi gari liwe la kwake," akasema Shetui. "Lakini yalipo matairi yangu na mimi nipo."

Bwana Salehe hakungoja wabadilishe mawazo. Alifunga mapya mawili ya Hoza mbele, na mawili ya Shetui nyuma, upande wa nje. Shetui akaomba rangi nyeupe, akayapiga alama ya msalaba ubavuni, asije mtu akayachanganya.

Na mimi nikaingia katika safari ile bila kupenda. Duka letu kubwa la Tanga lilikuwa limeniita, siku waliyoteremka na mzigo basi halikuja, na Mama Yohana akaniombea nafasi mbele kwenye lori. Nafasi yenyewe ilikuwa katikati. Kulia kwangu Hoza kwenye usukani, kushoto kwangu Shetui, ambaye alitoa kichwa dirishani akayatazama matairi yake ya nyuma tangu tulipotoka Lushoto.

"Mwambie anapita kwenye mashimo," akasema Shetui.

"Anasema unapita kwenye mashimo, Mzee Hoza."

"Mwambie barabara yote ni shimo. Kama ana barabara nyingine aitoe mfukoni."

Tulifika Soni mvua imeanza, ile ya rasharasha inayoteleza kuliko ya kumwaga. Baada ya Soni barabara inashuka kwenda Mombo, na ninyi mnaoijua leo ikiwa na lami na kingo zake, muifikirie ikiwa na udongo mwekundu, mlima upande mmoja, na upande wa pili majani tu halafu hewa. Hoza aliacha kusema. Akaweka gia ndogo, akaacha injini ilishike gari, breki akazigusa kidogokidogo ili zisichemke. Mzigo ulikuwa kabichi za nyumba zote mbili, mpaka juu ya mbao.

Kwenye kona moja tukakuta udongo umeporomoka kutoka juu. Haukuziba njia yote. Ulibaki upana wa gari, na upande wa bonde ukingo ulikuwa umemomonyoka. Nyuma yetu kulikuwa tayari na gari jingine, na kwenye mteremko ule, na mzigo ule, hakukuwa na habari ya kurudi. Hoza akasimamisha.

"Shuka, Naomi," akaniambia.

Nikashuka. Shetui alishuka upande wake, akaenda nyuma, akatazama. Tairi lake la nje, lile lenye msalaba, ndilo lingepita ukingoni kabisa. Nilidhani atasema gari lisiende. Alikuwa na haki. Nusu ya matairi ilikuwa yake, na mapya hayapatikani. Badala yake akavua koti, akalitandika juu ya tope, akajilaza kifudifudi, huyo mtu mzima, uso karibu na gurudumu, ili aone ukingo unavyobeba.

Hoza hakumwona vizuri kwenye kioo. Akaniita. "Naomi, mwambie—"

"Naomi hajui," akasema Shetui kutoka chini. "Nisikilize mimi, mlamu."

Mlamu ndivyo sisi Wasambaa tunavyomwita shemeji. Sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake.

"Nakusikia," akasema Hoza.

"Usukani kulia kidogo. Kidogo tena. Usiguse breki. Njoo sasa. Njoo polepole. Udongo unashika. Njoo, mlamu, unashika, usiogope."

Gari likaja hatua kwa hatua. Niliona kipande cha ukingo kikikatika chini ya tairi na kuteremka bondeni, na nilisikia kabichi moja ikianguka ikidundadunda kwenye majani muda mrefu sana. Shetui hakusogeza kichwa. Aliendelea kusema kwa sauti ileile, kama mtu anayemtuliza ng'ombe anayezaa, mpaka gurudumu likapanda kwenye ardhi ngumu na gari likasimama salama upande wa pili.

Hoza alishuka akaegemea mlango. Shetui akainuka, tope kuanzia kidevuni mpaka magotini, akaokota koti lake, akalikung'uta bila faida yoyote.

Hawakukumbatiana, msije mkadhani. Tulipanda, tukashuka mpaka Mombo. Pale Mombo tukaingia kwenye mgahawa, joto la tambarare likatupokea, wakaleta chai na maandazi. Hoza akaitazama nguo ya mwenzake.

"Ulilala kwenye tope kwa ajili ya tairi lako," akasema.

"Kwa ajili ya tairi langu," akakubali Shetui. Akakata andazi, akasukuma nusu kubwa upande wa Hoza. "Na kwa kuwa dada yangu angenisema mpaka nizikwe."

Hoza akacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati, na Shetui akawa anatafuna, anatazama ukutani, mashavu yamemvimba kwa kuzuia kicheko chake. Mimi nikanywa chai yangu. Hakuna aliyenihitaji tena kufikisha ujumbe, na sijapata kufurahi hivyo kwa kupoteza kazi.

Kabichi zilifika Tanga, na msimu mzima ulikwenda hivyo. Leo mmoja anaendesha, kesho mwingine, na yule asiyeendesha anatoa kichwa dirishani kutazama matairi na kulalamika. Kulalamika hawakuacha. Walikuja dukani pamoja kushtakiana kwetu, hawa wanaosemezana sasa, kelele mpaka Bwana Salehe anavua kofia anaomba amani. Matairi mapya yalipopatikana tena, kila mmoja alilivika gari lake, lakini walisafiri wakifuatana, na wa mbele akipata pancha wa nyuma ndiye anayeshuka kwanza na jeki. Krismasi ile Mama Yohana alinialika Shume. Nilimkuta jikoni kwa kaka yake, ndani kabisa, penye moshi, yeye na wifi yake wanagombania mwiko. Aliponiona alisema, "Naomi, ingia, usikae mlangoni."

Watu wakiniuliza niliuza matairi mangapi maishani, sijui. Bwana Salehe naye hakujua. Alistaafu akarudi Muheza kwenye joto lake, na barua yake ya kwanza ilisema tu kwamba amelivua koti. Njia za kazi zimebadilika. Leo kuna mashine za kuvua tairi ambazo yeye angeziita uvivu, kisha angeziomba. Tyubu zenyewe zinaondoka. Hayo ni mema, jifunzeni, msishikilie mtaimbo kwa sababu bibi aliutumia.

Hoza alifariki miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa mfupi, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kustaafu. Nilikwenda Shume kumzika. Mchungaji alisema maneno mazuri, Mama Yohana alilia kwa utulivu, na Shetui alisimama kando ya kaburi akiwa mkubwa na mzito kama siku zote, anatazama udongo ukirudishwa. Nilimpa pole. Aliishika mikono yangu kwa muda, akaiachia.

Baada ya matanga kuondolewa, asubuhi moja, niliona mtu anaingia dukani. Ni Shetui, na kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitika. Nikamuuliza nyumbani, akasema wazima. Nikamuuliza mvua, akasema inanyesha kiasi. Kisha nikangoja atazame dari aseme habari za gari, lakini hakutazama dari.

"Gari liko vipi, mzee?"

"Gari zima," akasema. "Matairi mazima. Sina shida ya kitu." Akazungusha kofia vidoleni. "Nimekuja kukaa tu, Naomi. Kule nyumbani nikitaka kumlalamikia mtu, simwoni."

Nikamvutia kiti karibu na kaunta, nikamimina chai vikombe viwili. Akakaa. Akaanza polepole kunieleza jinsi Hoza alivyokuwa akiingiza gia vibaya pale kona za Soni, miaka yote, na jinsi yeye alivyokuwa akimwambia, naye asisikie. Nilimsikiliza. Nilimwuliza gia ipi, akanieleza.

Katikati ya maneno yake akaingia dereva mmoja kijana, mgeni kwetu, funguo zinalia mkononi, ana haraka. Akamtazama mzee aliyeketi na kikombe, akanitazama mimi.

"Mama, shikamoo. Huyu mzee anangoja nini? Kama hanunui, naomba unihudumie mimi, gari nimeliacha barabarani."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Huyu ni mteja wangu, na bado namhudumia. Vuta kiti."